Hamna Neno

Baba Neema aliisimamisha filamu pale pale Emmi aliposema hapiki kuskusi.

Hakusema kitu kwanza. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya fulana, kama afanyavyo kila anapotafuta pa kuanzia. Kwenye kioo cha kompyuta Emmi alibaki mdomo nusu wazi. Nje ilikuwa ile mvua ya Hamburg isiyonyesha wala kukatika. Neema alishalala.

Kisha akaniuliza, kwa Kijerumani, maana ndiyo lugha ya nyumba yetu: "Hivi mimi nilikwambiaje siku ile ya samaki?"

Nikamjibu kwa Kiswahili, jambo nisilolifanya mara nyingi.

"Hamna neno."

Maneno hayo mawili anayajua, ni katika ya mwanzo kabisa niliyomfundisha. Akatabasamu, akavaa miwani. Mimi nikasema nina usingizi. Filamu ikabaki nusu.

Nilidhani asubuhi nitakuwa nimesahau. Leo ni wiki ya sita.

Kitenzi uchi

Filamu yenyewe ni ya 1974, ya Rainer Werner Fassbinder. Mjane wa Kijerumani anayefanya usafi maofisini, mwenye umri wa kuitwa bibi, anaingia baa moja ya Munich kukimbia mvua. Anacheza dansi na fundi gari kutoka Moroko, kijana kwake kwa miaka ishirini na zaidi. Majirani hawajamaliza kusengenya, wawili hao wameshaoana.

Jina lake ni *Angst essen Seele auf*. Mwalimu wangu wa Kijerumani angelichora kwa kalamu nyekundu, kwa sababu kitenzi hakijapatana na kitu chochote. Ni Kijerumani cha Ali. Anamwambia Emmi maneno hayo Emmi anapoingiwa na woga, na kwa lugha nyingine watu wameyanyoosha yakawa sentensi safi. Kiswahili kinaweza kuyabeba yalivyo, bila kuyanyoosha.

Hofu kula roho.

Kitenzi kimeachwa uchi. Hakina nafsi, hakina wakati. Na sisi Kiswahili hicho tunakijua vizuri, Wakenya wamekipa hata jina: Kisetla, Kiswahili cha masetla wa Kizungu. "Wewe kuja hapa. Mimi taka chai." Tanga tulikisikia madukani kwa Wahindi, tukakiigiza kwenye maigizo ya shule, tukapigiwa makofi. Sikuwahi kujiuliza yule mzee wa dukani alikuwa anafikiri nini kwa Kigujarati wakati sisi tunacheka.

Setla alikisema Kiswahili hicho akiwa amekaa kitini. Alikuwa anaamrisha, hakuhitaji kunyambua. Ali anakisema Kijerumani chake akiwa amesimama. Kuna kipande anaingia duka la chini ya nyumba yao kununua kitu, na mwenye duka anajifanya haelewi anachotaka. Anaelewa. Anamwambia akajifunze Kijerumani kwanza.

Na Ali si Ali. Anapomwambia Emmi jina lake kamili ni refu la kujaza mstari mzima, linaanzia El Hedi ben Salem na kuendelea. Lakini Munich kila mtu anamwita Ali, basi na yeye anaitika.

Huo ni wakati wa wafanyakazi wageni. Ujerumani Magharibi ilitiliana mkataba na Moroko mwaka 1963 kuwaleta, na Novemba 1973 ikafunga mlango kwa nchi za mikataba hiyo, isipokuwa Italia. Filamu ilipigwa katikati ya hayo, kwa takriban siku kumi na tano tu, mwaka mmoja baada ya Wapalestina kuwashambulia wanamichezo wa Israeli kwenye Olimpiki ya Munich, wakati sura ya Kiarabu ilikuwa inatosha kumgeuza mtu mshukiwa. Nayataja ili muone kwamba Emmi na Ali walikuwa na sababu tele za kushindwa ambazo hazikuhusu mapenzi.

Adui akiondoka mlangoni

Hapo ndipo filamu inapofanya jambo ambalo nyingi za aina yake hazithubutu.

Chukua ile ya Marekani ya 1967, *Guess Who's Coming to Dinner*. Binti wa Kizungu anamleta nyumbani daktari mweusi, Sidney Poitier, msomi kupita wote waliomo ndani, nguo haina hata mkunjo. Filamu ilitoka mwaka ule ule Mahakama Kuu ya Marekani ilipozifuta sheria za majimbo zilizokataza ndoa za namna hiyo, kwa hiyo siidharau. Ila wapenzi wenyewe hawana la kugombania. Wanaongea wazazi, jioni nzima, na hotuba ya mwisho ni ya baba mkwe. Baba akishakubali, chakula kinapakuliwa na taa zinawaka. Kesho yake nani atapika nini, hatuambiwi.

Fassbinder anaanzia kwenye hiyo kesho.

Nusu ya kwanza Emmi na Ali wanapigwa na kila upande. Mtoto wa Emmi anapotambulishwa kwa baba yake mpya anaipiga teke televisheni mpaka inavunjika. Wanawake anaofanya nao kazi wanahama ngazi waliyokuwa wakikaa pamoja naye. Wanandoa wanasafiri kidogo, wanarudi, na ghafla dunia imekuwa tamu. Mwenye duka amegundua anapoteza mteja. Mtoto anahitaji mtu wa kumlelea mwanawe. Jirani anataka nafasi ya kuwekea vitu. Hakuna aliyetubu, wana shida tu.

Sasa wamebaki wawili, bila adui. Na Ali anasema anatamani kuskusi.

Emmi anamjibu kwamba Ujerumani watu hawali kuskusi, na azoee.

Hasemi kwa ukali. Anasema kama anayemkumbusha mtu kufuta miguu kabla ya kuingia.

Samaki mwenyewe

Msimu wangu wa kwanza wa baridi hapa nilitamani bada. Kwa msiotoka Tanga: ugali wa muhogo, ule mweusi mweusi unaovutika. Nilikuja na unga wake kwenye sanduku, na vipande vitatu vya papa mkavu Mama alivyovifunga kwa magazeti, halafu mifuko miwili, halafu kanga, kana kwamba anamsafirisha mtoto mchanga.

Nilipika Jumanne. Nilikuwa nimefurahi kiasi cha kuimba.

Baba Neema aliporudi alifungua dirisha la jikoni. Kisha la sebuleni. Kisha la chumbani, na nje ilikuwa nyuzi mbili chini ya sifuri. Alinibusu, alionja, akasema ni chakula cha kuvutia. Halafu, taratibu kabisa, akasema huenda ingekuwa vizuri zaidi kukipika siku ambazo jirani wa juu hayupo, kwa ajili ya ngazi.

Nikasema hamna neno.

Miaka tisa sijapika bada. Vipande viwili vya papa vilivyobaki nilivitupa kwenye pipa la bustani ya umma, usiku, kama mwizi. Na watu wakiniuliza nimekosa nini cha nyumbani, nilikuwa nasema nimekosa maembe. Nilijiambia bada silipendi tena. Nililiamini kabisa jambo hilo, mpaka usiku ule Emmi alipofungua mdomo.

Ningeweza kuishia hapo. Ingekuwa makala rahisi, mimi ni Ali, mume wangu ni Emmi, asanteni kwa kusoma. Niliiandika hivyo kweli, wiki ya pili, nikaifuta.

Kilichonizuia ni yale maneno mawili. Yeye aliuliza. Alisimamisha filamu, akafuta miwani, akauliza swali ambalo Emmi hakuliuliza. Mimi ndiye niliyemfungia mlango, tena kwa lugha ambayo humo hawezi kunifuata.

Kwetu "hamna neno" ni adabu. Mtu amekukanyaga, hamna neno. Habari za nyumbani? Nzuri, na ndani kuna mgonjwa, ndipo baada ya nzuri tatu unaanza kusema lakini. Mswahili anajua kusubiri hiyo lakini. Mjerumani ukimwambia hamna neno anachukua kwamba neno hamna, anakwenda kulala. Sikuwahi kumfundisha sehemu ya pili. Nilimfundisha maneno, nikamficha matumizi.

Sauti

Nikiwa nasomasoma habari za filamu hiyo nilikuta jambo lililonikalisha kitako. Sauti ya Ali si ya yule tunayemwona. El Hedi ben Salem, Mmoroko, ndiye aliyesimama mbele ya kamera. Maneno yake yakaja kutiwa na mwigizaji wa Kijerumani, Wolfgang Hess.

Yaani kile Kijerumani kilichovunjika kimevunjwa na Mjerumani.

Nilirudi nikasikiliza upya. Hofu kula roho. Kufikiri sana, kulia sana. Ni nzuri mno, ina mapigo ya shairi, na sasa sijui nimpe nani sifa. Nimekaa na wageni wengi wanaoongea Kijerumani kibovu, mimi mmojawapo, na sikumbuki tulipata kuwa washairi kiasi hicho. Kibovu cha kweli kina "eee" nyingi, kina mtu anayeacha hoja njiani kwa sababu amekosa neno la "bima". Filamu ilimpa mgeni hekima, ikamnyima koo lake. Ben Salem alikufa mwaka 1977, akiwa gerezani Ufaransa. Alisema nini kwa sauti yake mwenyewe siku zile za upigaji picha, sijakuta pa kukisikia.

Mama na Okelo

Desemba, miezi miwili kabla ya usiku wa kuskusi, tulikuwa Muheza kwa Mama. Umeme ulikuwepo, nikamwekea *Mississippi Masala* ya Mira Nair, ya 1991, nikawa namtafsiria kwa kunong'ona. Mnaijua: familia ya Kihindi inafukuzwa Uganda na Idi Amin 1972, inaishia Greenwood, Mississippi, kwenye moteli. Binti, Mina, anampenda Demetrius, kijana mweusi mwenye gari la kusafishia mazulia. Denzel Washington. Mama alimpitisha mara moja, bila mahari.

Wapenzi hawa wawili hawana tatizo la lugha hata chembe, wote wanaongea Kiingereza. Mezani kwa akina Demetrius wanamuuliza Mina imekuwaje Wahindi wakatokea Afrika, naye anawaeleza kwamba Waingereza waliwaleta kujenga reli. Nikamwambia Mama ni ile ya Mombasa kwenda Kisumu. Mama akasema, "Ya kwetu walijenga jamaa za mkwe wangu," akamtupia jicho Baba Neema aliyekuwa anapambana na nyanya kwenye mbuzi, akidhani nayo inakunwa kama nazi. Ni kweli, ya Tanga waliianza Wajerumani mwaka 1893.

Ila Mama hakuwa anawatazama wapenzi. Alikuwa amekwama mwanzoni kabisa, Kampala. Baba yake Mina, Jay, wakili, ana rafiki wa tangu utoto, Okelo. Jay anasema Uganda ni kwao. Okelo ndiye anayemwambia kwamba Afrika sasa ni ya Waafrika, Waafrika weusi. Siku ya safari mke analia, mtoto anamkumbatia Okelo, na Jay anakataa kumtazama.

"Ameondoka bila kuaga?" Mama akauliza.

"Amekasirika, Mama."

"Na huyo mwenzake alikuwa anamfukuza, au anamwokoa?"

Sikujibu. Filamu ikaendelea, tukafika pale Jay anamkabili Demetrius, na Demetrius anamwonyesha shavu lake mwenyewe na kumwambia kwamba rangi zao hazijapishana kiasi hicho cha kudharauliana. Mama akatikisa kichwa.

"Ugomvi huu si wa kijana huyu. Ni wa yule wa kule."

Nimesoma maandishi kadhaa kuhusu filamu hiyo, mengi yakihusu rangi, na yako sawa. Sijaona aliyeuweka mkono pale Mama alipouweka: sentensi moja iliyosemwa kwa rafiki ili aokoe roho yake, ikasikika kama kufukuzwa, ikasafirishwa bila kufunguliwa hadi Mississippi, ikamwangukia kijana ambaye hakuwepo. Jay anarudi Kampala mwishoni kutafuta mali yake na kumtafuta rafiki. Anaambiwa Okelo aliuawa zamani, mwaka ule ule. Hakuna wa kumuaga.

Sema ng'ombe

Sasa nifike nilipokuwa sitaki kufika.

Hamburg, nikikosea kineno kimoja dukani kwa muuza mikate, ananirudishia sentensi yangu ikiwa imenyooshwa, kisha ananijibu kwa Kiingereza. Miaka tisa. Baba Neema akishuka Tanga, akamwambia mtoto wa miaka sita "Shikamoo", mtaa mzima unampenda. Ameshapewa kuku kwa kusema "mambo". Hilo nimelilalamikia mara nyingi, na nilidhani hesabu yangu imekamilika: kwao nasahihishwa, kwetu anashangiliwa.

Basi sikilizeni jinsi anavyoshangiliwa. Desemba hiyo hiyo, jioni, wajomba wamekaa, binamu wamekaa. "Mwambie aseme ng'ombe." Anasema n-gombe. Kicheko. "Mwambie aseme ng'ong'o." Kicheko, watu wanalala chini. "Rudia, shemeji!" Na anayemwambia arudie, anayegeuza kiti chake ili wote wamwone, ni mimi. Nilikuwa na fahari. Ni wangu, mtazameni.

Emmi ana kipande kama hicho. Wale wanawake wa kazini wamemrudia, wamekuja nyumbani, naye anamsimamisha Ali katikati, wanamzunguka, wanamshika misuli. Ali anatoka. Emmi anawaeleza wenzake kwamba ana vipindi vyake, ni mambo ya kigeni.

Jioni ya nne Baba Neema alisimama, akaenda kukaa nyuma ya nyumba, karibu na banda la kuku. Binamu yangu akauliza kama amekasirika.

Nikasema: "Aa, Wazungu ndivyo walivyo. Wanapenda kukaa peke yao."

Sikumfuata. Niliosha masufuria.

Wazee walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mume wangu ana miaka tisa nyumbani kwetu na hakuna aliyewahi kumpa jembe. Hakuna aliyebishana naye, hakuna aliyemwambia hapo umekosea, hata ile shikamoo kwa watoto hakuna aliyemsahihisha, mimi nikiwemo, kwa sababu inachekesha. Muuza mikate wangu ananiudhi, lakini angalau anategemea kwamba siku moja nitaipata sentensi.

Wiki ya nne niliimalizia filamu peke yangu, jikoni, sauti chini. Ali na Emmi wanacheza tena kwenye ile baa, wanakaribia kusameheana, Ali anaanguka. Vidonda vya tumbo. Daktari anasema ni kawaida kwa wafanyakazi wageni, watamtibu, na baada ya miezi sita atarudi tena na vile vile. Emmi anakaa kitandani kwake na kumshika mkono. Daktari anamweleza Emmi. Ali mwenyewe amelala.

Jumapili

Juzi nilimtumia Mama ujumbe wa sauti. Kuna mtu wa kwetu anakuja Hamburg mwezi ujao, naomba anipatie papa mkavu, na unga wa bada kilo mbili. Akajibu baada ya saa nzima, kuku wanasikika.

"Papa nitakutafutia, mwanangu. Na mume wako, anakula?"

Nilirekodi jibu mara tatu, nikalifuta mara tatu. Mara ya kwanza nilisema anakula. Mara ya pili nilisema usijali, Mama, hamna neno.

Baba Neema alikuwa anaosha vyombo. Nilikwenda na simu, nikamsikilizisha sauti ya Mama, sikumtafsiria.

Akafunga maji. Akaomba nirudie. Akasikiliza na mikono imejaa povu, midomo ikifuata silabi.

"Anakula ni mimi?"

"Ni wewe."

Akafikiri. Nilijua anatafuta maneno, na miwani hakuweza kuishika.

"Mimi kula," akasema. "Kidogo. Dirisha wazi."

Nikabonyeza kitufe cha kurekodi, nikaisogeza simu karibu na mdomo wake, nikamwambia amwambie Mama mwenyewe.